Vijungu vya Mbayuwayu

"Hupandi."

"Napanda."

"Nimesema hupandi, Bi Azza. Ngazi hiyo ina mguu mmoja mfupi, na wewe una miaka sitini na minane."

"Na goti lako lina miaka mingapi? Juzi umepanda vipago viwili ukaganda hapo kama kuku juu ya dari, mpaka nikakushusha kwa kukuvuta kikoi. Shika ngazi, baba Shatha. Shika, kisha nyamaza."

Khalaf akashika ngazi, lakini kunyamaza hakunyamaza. Alisema mwanamke wa makamo yake anaranda juu ya ngazi, majirani wataonaje. Alisema kioo atakivunja. Alisema ndege watakimbia. Bi Azza alikuwa amekwisha kujifunga kanga kiunoni, na ubavu wa kuti ameushika mkononi, umefungwa kioo kidogo cha poda kwenye ncha yake. Akaweka mguu kwenye kipago cha kwanza, akaushusha. Akauweka tena.

Siku hiyo ilikuwa ya ishirini na tisa ya Shaaban, baada ya alasiri, kwenye ua wa nyuma wa nyumba yao hapo Ibra, Omani. Mji mzima ulikuwa unangoja mwezi. Wengine wamenunua tende, wengine unga wa sambusa, kila mtu anatazama upande wa magharibi kabla hata jua halijakaribia. Bi Azza na mumewe hawakuwa na shughuli na mwezi. Wao walikuwa wanatafuta yai.

Yai moja tu, la ndege anayejaa kiganjani, ndani ya kijungu cha udongo kilichotundikwa chini ya ukingo wa paa la jiko. Yai likiwepo, wanabaki Ibra. Lisipokuwepo, wanahamia Seeb, mji wa pwani, na binti yao Shatha alikuwa njiani na gari la mizigo, kwa sababu yeye hakuwa na shaka yoyote kwamba halipo.

Sasa mtu atauliza, watu wazima wenye akili zao wanawezaje kumpa ndege hukumu ya nyumba yao? Subiri. Kwanza umjue Bi Azza.

Bi Azza bint Hamood si mtu wa kutulia. Alizaliwa Wete, akalelewa Unguja mjini kwa shangazi yake, na alipokuwa na miaka saba dunia ikapinduka, akajikuta Tanga. Tanga hakukaa, akapelekwa Mombasa. Mombasa ndiyo kwanza anajua njia ya kwenda chuoni, akapakiwa kwenda Dubai. Kutoka Dubai akaja Sur kuolewa, na Sur wakakaa miaka minane katika nyumba nne. Nyumba ya mwisho Sur ilikuwa na bomba la maji ndani, la kwanza maishani mwake. Siku aliyozoea kulifungua bila kushangaa, Khalaf akarudi akasema amepata kazi ya kuendesha gari la maji Ibra.

Ibra amekaa miaka thelathini na minane. Lakini sanduku lake la bati liko chini ya kitanda mpaka leo, na ndani yake mna kanga sita, marashi, na mswaki mpya. Mswaki huo anaubadilisha kila mwaka. Khalaf alipomuuliza wanakwenda wapi, alisema hajui, lakini hatakwenda na mswaki mkongwe.

Hata kazi yake anaifanya akitembea. Yeye anashona kofia, kofia za viua, zile ambazo mwanamume wa Kiomani akivaa mpya Idi hageuzi shingo ovyo. Wenziwe wanakaa kwenye mikeka wanashona. Bi Azza anashona akizunguka ua. Wanasema mwaka mmoja alianza kofia akiwa mlangoni kwake Ibra, akaenda anashona, anashona, alipotia mshono wa mwisho akainua uso akajikuta Mudhaibi, mji mwingine kabisa. Kofia imekwisha, na viatu vimekwisha. Anayebisha aende Mudhaibi akaulize.

Khalaf yeye ni mtu wa kutuama, kama maji yake mwenyewe. Miaka thelathini amepeleka maji katika kila kichochoro cha Ibra, na jioni anarudi, anakaa kwenye kiti cha plastiki ua wa nyuma, anawatazama mbayuwayu.

Mbayuwayu hao walikuwa wa stoo. Nyuma ya nyumba palikuwa na stoo ya udongo, kongwe, boriti zake magogo ya mtende. Mwenye nyumba wa zamani alikuwa akiweka tende humo. Kila mwaka, baridi inapoanza kulegea, mbayuwayu wanakuja. Si wale wa kupita wenye mkia mrefu. Hawa ni wa majabali ya hapa hapa, wana rangi ya vumbi, na mkia wakiufungua unaona vidoa vyeupe kama punje za mchele. Wanaingia kwa mlango wa stoo bila kupunguza mwendo, wanapachika nyumba zao za udongo kwenye boriti, wanalea, wanaondoka. Shangazi yake Bi Azza alikuwa akisema hawa ni vitukuu vya ndege wa Ababili, waliowatupia mawe watu wa tembo, na kwamba nyumba wanayoingia mwenyewe hafukuzwi. Kuhusu ukoo wao Mungu ndiye ajuaye, lakini Bi Azza mtoto wake akirusha jiwe upande ule, kofi lilikuwa linafika kabla ya jiwe.

Basi ikaja ile mvua. Mvua gani! Mvua iliyonyesha kutoka chini kwenda juu. Bi Azza alikuwa dirishani akamwona mbuzi wa jirani anapita kwenye maji, anaelea, bado anatafuna. Walipomwita aligeuka akatazama, akaona hawana la maana, akaendelea na safari. Mvua ilipokatika, stoo ilikuwa imepasuka toka juu mpaka chini, na ukuta mmoja umeinama kama mzee anayetafuta kiatu.

Yazeed, mume wa Shatha, alikuja na katapila. Ni kijana mwema, anaogopa wazee wasije wakaangukiwa. Kwa nusu saa stoo ikawa rundo la udongo pembeni mwa ukuta wa ua.

Rajabu, mbayuwayu wakarudi.

Hapo ndipo Bi Azza alipoanza kukosa raha. Ndege walikuja kwa mwendo wao ule ule, moja kwa moja kuelekea kwenye mlango, na mlango haupo. Wakapita katikati ya hewa. Wakageuka, wakaja tena, wakapita tena. Kutwa nzima. Wanafika pale pale palipokuwa na boriti, wanapigapiga mbawa wamesimama hewani kama mtu anayepapasa swichi gizani, kisha wanakwenda. Bi Azza alihamia ua wa mbele na kofia yake. Huko mbele nako akawa anawasikia.

"Wanatafuta," akasema.

"Nitawajengea," akasema Khalaf. "Bora kuliko ile."

Akaenda eneo la mafundi, akamwelezea mchomaji aluminiamu anachotaka. Kilichorudi juu ya pikapu kilikuwa na vyumba kumi na viwili, ghorofa tatu, matundu ya duara, na nguzo ndefu kama ya taa ya barabarani.

"Umewajengea wizara," akasema Bi Azza.

"Kinafutika kwa kitambaa. Hakipati mchwa."

"Na makarani utawatoa wapi?"

Makarani walikuja siku ya pili. Walikuja maina, wale ndege weusi wa mdomo wa manjano wanaotembea kifua mbele kama wenye kiwanja. Wakaingia vyumba vyote kumi na viwili, wakatia humo mifuko ya nailoni, vijiti na soksi moja ya Khalaf. Maina ni mwizi, anaiba hata maneno. Jumatatu Bi Azza aliita "Khalaf!" mara moja, akaitikiwa mara kumi na mbili kutoka juu. Na mbayuwayu hata hawakusogea kukitazama kile kidude. Mbayuwayu si ndege wa kuingia tundu. Yeye anataka ukuta, kivuli juu ya kichwa, na mahali pa kupachika udongo.

Siku hiyo ndiyo waliyogombana ugomvi mkubwa. Bi Azza alisema basi, imetosha, hata ndege wameona hapa hapakaliki. Shatha anawangoja Seeb, ghorofa ya juu iko tupu, wajukuu Israa na Luay wanakua wanamwita bibi yao kwa simu kama wanaagiza chakula. Hapa Ibra mashoga zake wote ama wamekufa ama wamehama. Seeb ukifungua mlango tu unasikia Kiswahili. Anataka kwenda. Anataka kwenda kabla hajawa mtu wa kubebwa.

Khalaf akasema yeye haondoki mahali ambapo hata ndege wanakujua.

"Hawakujui! Wamekukimbia!"

"Watarudi. Nitawajengea nyingine."

"Na wasiporudi?"

Khalaf akasimama. Mtu akisimama ghafla kutoka kiti cha plastiki, na kiti kikasimama naye kimemganda, ujue ana hasira. "Mwezi wa Ramadhani ukiandama," akasema, "na hapa uani hakuna mbayuwayu aliyetaga hata yai moja, tutahamia Seeb, wala sitosema neno. Yai likiwepo, tunabaki, na wewe husemi neno."

"Si kamari hiyo?"

"Kamari haramu. Hii ni ahadi."

Wakapeana mikono kama wanauziana mbuzi.

Safari hii Khalaf alifikiri. Alikaa siku nzima anatazama vipande vya viota vilivyobaki kwenye rundo la stoo, akaona vina umbo la nusu bakuli. Akapata hila. Atachukua vijungu vidogo vya udongo, avikate nusu, avitundike kwa ndoano chini ya ukingo wa paa la jiko, ndege wakute kazi imeanzwa, wao wamalizie mdomo wa nyumba tu. Ila vijungu viwe vya udongo mkavu, visivyopakwa kitu, vya kukwaruza, ili tope lishike.

Vijungu hivyo viko wapi? Viko soko la Jumatano. Na soko la Jumatano la Ibra ni la wanawake. Wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake. Mwanamume ana nafasi yake, nayo ni nje, ndani ya gari lake, madirisha wazi.

Kwa hiyo Khalaf, ambaye hakuna mlango Ibra aliokuwa haufikii na mpira wake wa maji, alilazimika kumtuma sokoni mtu yule yule anayeomba ndege wasije.

"Vya kukwaruza," alimwambia garini. "Ukipitisha kidole uhisi."

"Nimesikia."

"Visivyong'aa."

"Baba Shatha, nimenunua vyungu kabla hujaota ndevu."

Ndani kulikuwa na harufu ya ubani na zaatari, na wanawake wanazungumza wote kwa pamoja na wote wanasikilizana. Bi Ghalia, muuza vyungu, alikulia Bujumbura, na Kiswahili chake ni cha bara, kimenyooka kama barabara.

"Karibu mama yangu. Unatafuta nini leo?"

Bi Azza akaviona. Kushoto kulikuwa na vijungu vya udongo mtupu, rangi ya ngozi ya ngamia, vya kukwaruza, khasa vile alivyotumwa. Kulia vilipangwa vya mapambo, vimepakwa rangi ya kigae, vinang'aa, unajiona meno. Akapitisha kidole kushoto. Akapitisha kulia. Kidole kiliteleza kama kwenye barafu.

"Nipe hivi vitano."

"Hivi vya maua? Mama, kama ni kupikia, chukua hivi vingine, ni vizuri kabisa."

"Si kupikia. Nipe hivi."

Alipotoka alimwambia Khalaf kwamba vya kukwaruza vimekwisha, wamechukua watu wa Sur, harusi. Watu wa Sur ukiwasingizia harusi hakuna anayebisha. Khalaf alikuwa na simu mkononi. Akavitazama vijungu, akamtazama mkewe, akavitazama vijungu.

"Haya," akasema. "Ndiyo vilivyopatikana."

Akavikata, akatoboa, akatia ndoano. Goti lilimlia kila kipago, lakini alivitundika vyote vitano kwa mkono wake, vinang'aa chini ya ukingo kama vikombe vya mashindano. Siku ile ndiyo goti lilipovimba, tangu hapo hakuvuka kipago cha pili.

Na mbayuwayu wakaja! Hilo Bi Azza hakulitegemea. Jike na dume waliacha kuzunguka hewani, wakaja moja kwa moja. Jike akachota tope mdomoni kwenye majimaji ya bomba, akaruka, akalibandika ukingoni mwa kijungu. Tope likateleza likaanguka. Akachota jingine. Likaanguka. Bi Azza amesimama mlangoni na kofia yake, anahesabu bila kutaka. Kufika adhuhuri tope lilikuwa limefanya kijilima sakafuni, na ndege bado anakwenda na kurudi. Alipojaribu kutua akakosa pa kushika, miguu ikateleza, akaanguka nusu ya njia ndiyo akakumbuka kwamba ana mbawa.

Bi Azza alipaswa kufurahi. Mambo yake yanakwenda. Shatha alipiga simu akasema ghorofa imepakwa rangi, chumba cha mama kina dirisha la upande wa bahari. Bi Azza akasema alhamdulillahi, akakata simu, akaenda kulivuta sanduku chini ya kitanda. Akalifungua. Akalifunga. Akalirudisha. Akalivuta tena. Chakula kikawa hakimpiti, kofia akashona kiua kimoja mara tatu na kukifumua mara tatu. Tanga, Mombasa, Dubai, Sur: miguu yake iliijua hali ile ya ndege kuliko alivyoijua yeye. Kufika mahali na tope lako mdomoni, na ukuta unakukataa.

"Wataacha tu," alijiambia siku ya pili.

Siku ya tatu walikuwa hawajaacha.

"Wajinga," alijiambia siku ya nne, akalia, akasema ni vitunguu. Na siku hiyo walikula mkate na mtindi.

Jumatano iliyofuata, Khalaf alipata habari ya msiba Jalan Bani Bu Ali, mzee waliyefanya naye kazi ya maji. Akaondoka baada ya alfajiri na wenziwe, kurudi usiku. Gari lao halijapotea kona, Bi Azza yuko mlangoni kwa jirani yake Wasan anagonga kama nyumba inaungua.

"Wasan mwanangu, una gari?"

"Ninalo, mama. Kuna nini? Hospitali?"

"Sokoni. Halafu kwa fundi wa vigae. Halafu hujaniona."

Bi Ghalia alipomwona hakumuuliza anataka nini. Alivifunga vijungu vitano vya kukwaruza kwenye gazeti, akamkabidhi, akacheka kwa puani. Fundi wa vigae akavikata nusu kwa mashine yake, akatoboa matundu. Kufika saa nne mchana Bi Azza yuko juu ya ngazi, Wasan chini anaishika na kusoma kila dua anayoijua. Mtoto wa Wete aliyepanda mikarafuu mpaka ncha ambako tumbili walikuwa wakimwomba ashuke kwa usalama wake, leo ngazi ya vipago tisa anaipanda kila kipago kwa bismillahi yake. Akavitungua vya kung'aa, akatundika vya udongo kwenye ndoano zile zile. Kisha akachukua ndoo mbili za maji akazimwaga juu ya rundo la stoo pembeni mwa ukuta, udongo ule wa zamani ukalainika ukawa tope zuri, jekundu.

Vya kung'aa akavificha ndani ya sanduku la bati, chini ya kanga.

Alasiri ile ile jike akaja. Akabandika. Likashika.

Khalaf aliporudi usiku hakuona kitu. Asubuhi alikaa na kahawa yake chini ya ukingo, akatazama juu muda mrefu, akasema, "Mashallah, wamezoea." Basi. Bi Azza akashangaa mwanamume anawezaje kuwa kipofu kiasi hicho, akashukuru, akakasirika pia, maana mtu ukifanya jambo kubwa la siri unatamani japo ushukiwe.

Siku kumi na tano zikapita. Mdomo wa udongo ukainuka juu ya kijungu cha pili, manyoya ya kuku yakaingizwa ndani, nyuzi za kofia zikaibwa. Wakaapizana kutochungulia mpaka siku ya mwisho, wasije wakawatisha ndege. Na siku ya mwisho ndiyo hii, na huyu ndiye Bi Azza, mguu kwenye kipago cha kwanza.

Akapanda.

"Polepole," akasema Khalaf.

"Ngazi unaishika au unaiegemea?"

Cha tatu, cha tano, cha saba. Jike akatoka kijunguni kama aliyetupwa, akazunguka ua, akalia. Bi Azza akainua ubavu wa kuti, akakigeuza kioo. Kwanza aliona jicho lake mwenyewe, kubwa, limetoka. Akakigeuza tena. Manyoya. Uzi wa kijani wa kofia ya shemeji yake. Na katikati ya manyoya, mayai mawili, meupe, yamenyunyiziwa vidoa vya hudhurungi, kila moja dogo kama ncha ya kidole chake cha mwisho.

Hakuna mwingine aliyeyaona. Khalaf yuko chini na goti lake, kioo kiko mkononi mwake yeye. Neno moja tu, "hakuna," na Shatha atapakia vyombo kabla ya isha. Dirisha la upande wa bahari. Israa na Luay asubuhi wanamwamkia shikamoo kwa mdomo wao, si kwa simu. Wanawake wenziwe kwenye baraza, hadithi zake zote ambazo Ibra wamekwisha kuzichoka, huko zitakuwa mpya. Bi Azza akahamisha mguu. Akauhamisha tena. Ngazi ikagonga ukuta.

"Kuna nini?" akauliza Khalaf.

"Ngoja."

"Azza. Kuna kitu?"

"Mawili," akasema.

Alitegemea takbira, alitegemea achekwe. Alipotazama, alimwona mumewe ameshika ngazi kwa mikono yote miwili na uso ameuinamisha.

"Kijungu kipi?"

"Cha pili."

"Cha udongo mtupu."

Bi Azza akakamata ukingo wa paa. "Vijungu vyote ni udongo, sheikh. Ulifikiri ni siagi?"

"Vile nilivyotundika mimi vilikuwa vinang'aa, mtu unachana ndevu kwavyo. Nimekwenda Jalan, nimerudi, vimeota ukurutu. Jambo la ajabu. Nikasema huenda ni maradhi ya vyungu."

"Ulijua?"

"Nimevikuta vya kwanza sandukuni kwako, natafuta kikoi changu. Lakini nilijua kabla ya hapo. Ghalia nimempelekea maji miaka ishirini na mbili, unadhani hana namba yangu? Hujatoka hata mlango wa soko, simu imelia. 'Mzee wa maji, mama ameacha vizuri amechukua vya maua, mwambie arudi.' Nikamwambia mwache."

"Ukajua," akasema Bi Azza pole pole, "ukaja nyumbani, ukavikata, ukajivunja goti ukavitundika, na unajua havifai?"

"Ndiyo."

"Wewe mwanamume una wazimu? Kwa nini?"

Khalaf akaikwaruza ngazi kwa ukucha. "Nilisema, Azza hajapata kunidanganya toka Sur. Akifika kudanganya kwa ajili ya kwenda, basi anataka kwenda kweli. Nimpeleke. Lakini mimi siwezi kusema nimeshindwa na mke wangu. Kushindwa na ndege si aibu."

Jike akarudi. Akatua kwenye mdomo wa kijungu, shibiri mbili kutoka pua ya Bi Azza, akamtazama kwa jicho moja, akamtazama kwa jingine, kisha akaingia akajilaza juu ya mayai yake kana kwamba yule bibi ni sehemu ya ukuta.

"Sasa nieleze wewe," akasema Khalaf, na safari hii aliinua uso. "Ulikwisha kushinda. Ulikuwa ukae tu, usifanye kitu, umekwenda Seeb. Kwa nini ukavibadilisha? Sikuulizi habari ya ndege. Nakuuliza wewe. Unataka kwenda, au hutaki?"

Bi Azza akafungua mdomo. Kilichokuwa kinamjia hakikuwa kirefu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakikuwa na chumvi hata chembe.

"Mimi, Khalaf..."

"Hodi! Hodi!" Mlango wa ua ukafunguka kwa kusukumwa na kiuno. Shatha akaingia, abaya imepandishwa mpaka vifundoni, amekumbatia rundo la maboksi yaliyokunjwa, kidevu kimewekwa juu yake yasianguke. "Shikamoo baba. Yazeed anarudisha gari nyuma, njia yenu hii nyembamba... Mama! Unafanya nini huko juu? Baba, unamwacha hivi hivi?"

Khalaf hakuiachia ngazi. Bi Azza akafunga mdomo, akakificha kioo ndani ya kanga, maana jibu lile alitaka Khalaf alisikie kabla ya mtu mwingine.

"Mbona mmenyamaza?" akasema Shatha, anatazama huyu, anatazama yule. "Maboksi mengine yako kwenye gari. Tunaanza na chumba gani?"